Mhogo wa mama na pesa za nishati za Marekani

Ramadhani iliyopita mama alinituma shambani nikamchimbie mihogo ya futari. Ni shamba dogo, ekari mbili, huko upande wa kusini tukielekea Msambweni. Nikachimba mashina mawili, nikapata mihogo saba mizuri, mirefu, ngozi safi. Nikarudi nyumbani nikijisifu. Mama akakaa na kisu chake jikoni, nazi imeshakunwa inangoja. Alipoukata wa kwanza alinyamaza. Ndani ulikuwa na madoa ya kahawia, makavu, magumu kama gome. Akakata wa pili, vivyo hivyo. Katika mihogo saba tukaokoa miwili, nayo tukaipunguza kwa kuchongachonga. Jioni ile tulifuturu kwa viazi vitamu.

"Mwanangu," mama akaniambia, "huu mhogo ni kama watu wa siku hizi. Nje unang'ara, ndani umeoza."

Wakulima wengi wa Pwani wanaujua ugonjwa huu. Wataalamu wanauita michirizi ya kahawia. Unaletwa na virusi, na husambazwa na nzi weupe pamoja na vipando tunavyopeana jirani kwa jirani. Ubaya wake ni kwamba majani yanaweza kuonekana mazima na mkulima asijue lolote mpaka siku ya kuchimba.

Basi ndugu msomaji, nilipoanza kusoma kuhusu ugonjwa ule ndipo nikakutana na jambo lililonishangaza, na ndilo lililonifanya niandike safu ya leo. Mwaka 2009 wanasayansi walitangaza kwamba wameusoma kwa mara ya kwanza mpangilio wa DNA ya mhogo, ile hati ya urithi iliyomo ndani ya kila chembe ya mmea na ambayo wao huiita jenomu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na taasisi ya Marekani. Nilidhani ni taasisi ya Wizara ya Kilimo. Kumbe ni ya Wizara ya Nishati, watu wa umeme, mafuta na nyuklia.

Nikajiuliza: watu wa nishati wanautakia nini mhogo wa mama yangu?

Mimi si mwanasayansi. Nina diploma yangu tu, na ada ya kusoma kitu usiku mpaka nikielewe. Niliyoyaelewa ndiyo haya, na mwishoni nitasema kwa nini naona yanatuhusu sisi wa Pwani kuliko tunavyodhani.

Ilianzia kwenye bomu

Mambo haya yanaanzia mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia. Marekani ilikuwa imeunda bomu la atomiki na kulitumia Hiroshima na Nagasaki. Mwaka 1946 ikapitishwa sheria ya kuuondoa uwezo huo mikononi mwa jeshi na kuukabidhi kwa tume ya kiraia, Tume ya Nishati ya Atomiki, iliyoanza kazi Januari 1947. Tume ile haikuweza kukwepa maswali ya viumbe. Mionzi inafanya nini ndani ya mwili wa binadamu? Vumbi la majaribio ya mabomu linaanguka wapi, linaingiaje kwenye maji, majani, maziwa na samaki? Hapo ndipo serikali ile ilipoanza kulipia utafiti wa kibiolojia na mazingira kupitia mfuko wa nishati.

Mwaka 1977 iliundwa Wizara ya Nishati, na kazi ile ikaingia humo. Leo ina idara yake maalumu, jina lake kwa lugha yetu ni Utafiti wa Kibiolojia na Mazingira. Katika miaka ya karibuni, kama mwaka wa fedha wa 2023, bajeti yake imekuwa karibu dola milioni 900 kwa mwaka. Kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi bilioni 100.

Katika mfuko huo vimetoka vitu ambavyo hata wewe huenda umevitumia bila kujua asili yake. Tunao jamaa wanaougua saratani, Mungu awape shifaa, wanaopelekwa Nairobi au India kufanyiwa kipimo cha PET. Mgonjwa hudungwa sukari yenye mionzi kidogo, na mashine inaonyesha ni wapi mwilini inakoliwa kwa pupa, kwa kuwa saratani nyingi hula sukari nyingi. Sukari ile maalumu ilitengenezwa katika maabara ya Brookhaven, New York, miaka ya 1970, maabara iliyogharamiwa na fedha hizi za nishati. Aliyeomba pesa za kuchunguza mionzi miaka ya 1940 hakuwa akiwaza kipimo cha mgonjwa kutoka Mombasa.

Hata mradi mkubwa wa kusoma DNA ya binadamu ulipata msukumo wake wa mwanzo humo humo. Wanasayansi walitaka kujua kama mionzi ya Hiroshima na Nagasaki ilibadilisha urithi wa watoto wa walionusurika, wakaona vyombo walivyonavyo havitoshi. Mwaka 1986 afisa wa Wizara ya Nishati, Charles DeLisi, akausukuma wazo la kuisoma DNA yote ya binadamu. Wengi waliona ni ndoto ya mchana. Mradi ukaanza rasmi mwaka 1990, taasisi za afya zikiwa washirika wakuu, na ukatangazwa kukamilika Aprili 2003.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa maana kumsifu mtu bila kutaja kosa lake ni ushahidi wa nusu. Kati ya 1945 na 1947 wagonjwa 18 wa Marekani walidungwa plutoni bila kuelezwa sawasawa wanachofanyiwa, na baada ya hapo kukafuata majaribio mengine ya mionzi juu ya watu yaliyolipiwa na serikali. Yalifichwa kwa miaka mingi. Mwaka 1993 mwandishi wa habari, Eileen Welsome, aliwataja watu wale kwa majina yao, na mwaka 1995 Rais Clinton akaomba radhi kwa niaba ya serikali. Hilo linatufunza kwamba pesa ya umma ikitumika mahali ambapo umma hauruhusiwi kuchungulia, hata msomi anaweza kufanya dhulma.

Hamira, ukuta na sukari

Sasa nirudi kwenye swali langu la mhogo.

Mwanamke anayekanda mahamri anaijua kazi ya hamira. Hamira ni kiumbe hai. Ikipata sukari inaila, inatoa hewa, unga unaumuka. Lakini inatoa kitu kingine pia, nacho ni spiriti, ile ethanoli. Ndiyo maana utomvu wa mnazi ukikaa hugeuka tembo, haramu kwetu. Spiriti ile ile ikisafishwa inaweza kuchanganywa na petroli na kuendesha gari. Mmea wenye sukari au wanga mwingi, kama muwa, mahindi au mhogo, unaweza kuwa kisima cha mafuta.

Tatizo liko wazi. Ukigeuza chakula kuwa mafuta, maskini atakula nini? Kwa hiyo watafiti wakageukia sehemu ya mmea isiyoliwa: bua, majani, gome, nyasi. Humo pia mna sukari nyingi, ila imefungwa ndani ya kuta za chembe. Fikiria nyumba ya udongo na fito. Fito ndizo sukari zilizoungana katika minyororo mirefu, na udongo ulioshikana nazo ni kitu kigumu kiitwacho lignini. Ndicho kinachoufanya mti usimame. Kuibomoa nyumba ile kwa gharama ndogo, bila kuziharibu fito, ni kazi iliyowashughulisha wataalamu kwa miaka mingi.

Mwaka 2007 Wizara ya Nishati ya Marekani ilianzisha vituo vitatu vya utafiti wa nishati ya mimea, kimoja California, kingine Tennessee na cha tatu Wisconsin. Viliahidiwa dola milioni 375 kwa jumla katika miaka 5. Mwaka 2017 vikawa vinne. Kazi yao ni mimea kama mtama, nyasi za porini na miti inayokua haraka, pamoja na vijidudu vinavyojua kula kuni. Karibu miaka 20 imepita, pesa zimetoka, na bado petroli ya nyasi haijajaa vituoni. Mtu anaweza kusema wamepoteza. Mimi nasema tazama walichokifanya: waliuliza kwanza, kabla ya kumwambia mkulima akate mikorosho yake.

Chombo chao kingine ni Taasisi ya Pamoja ya Jenomu, inayojulikana kwa herufi JGI, iliyoanzishwa mwaka 1997 huko California kwa ajili ya DNA ya binadamu. Kazi ile ilipokwisha, mashine hazikufungiwa kabati. Zikaelekezwa kwenye mimea, kuvu na vijidudu vinavyohusu nishati na mazingira. Mtafiti yeyote duniani anaweza kuandika ombi. Wataalamu wenzake wanalipima, likikubaliwa anafanyiwa kazi bila malipo, na matokeo yanawekwa wazi kwa kila mtu.

Kwa njia hiyo ndipo mhogo ulipoingia. Watafiti waliomba usomwe kwa sababu ya wanga wake unaoweza kutoa ethanoli, na kwa sababu ni chakula cha mamia ya mamilioni ya watu. Mwaka huo huo wa 2009 jenomu ya mtama nayo ikachapishwa, mtama ambao asili yake ni Afrika hii yetu.

Idara hiyo pia inatazama mawingu. Anayechoma makaa na mafuta anabadilisha hewa, na aliyepewa dhamana ya nishati ana wajibu wa kujua moshi wake unafika wapi. Wana mitambo ya kupima mawingu, mvua, vumbi na joto la jua. Mwaka 2006 waliipeleka mitambo hiyo Niamey, Niger, ikakaa mwaka mzima ikipima vumbi la Sahara na mvua za masika ya Afrika Magharibi. Sisi tunaokaa tukihesabu siku za mvua ya mwaka tungoje itakuja au haitakuja, tunaelewa faida ya kujua hayo.

Kitabu kilichoanzia Amani

Hapa kisa kinarudi nyumbani kabisa.

Ugonjwa wa michirizi ya kahawia uliandikwa kwa mara ya kwanza miaka ya 1930 na mtaalamu aliyeitwa Storey, katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara, si mbali na Tanga. Kituo kile kilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, Waingereza wakakirithi. Kwa miongo mingi ugonjwa huu ulikuwa wa kwetu hasa, wa nyanda za chini za pwani ya Afrika Mashariki na kandokando ya Ziwa Malawi. Watu wa bara hawakuujua. Ni tangu miaka ya 2000 ulipopanda kwa nguvu hadi Uganda na maeneo ya Ziwa Victoria, ndipo dunia ikastuka.

Pale Amani watafiti walifanya jambo la subira. Waliuzalisha mhogo pamoja na jamaa zake wa porini, ukiwemo mti wa mpira wa Ceará. Kisha wakarudi kuuzalisha na mhogo wa kawaida, kizazi baada ya kizazi, mpaka wakapata mhogo unaolika na unaostahimili maradhi. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka 20, na baadaye ikasimama. Lakini vipando havikufa. Vilipita mkono kwa mkono. Mmoja wao unajulikana hapa kwetu kama Kaleso na huko kusini mwa Tanzania kama Namikonga. Wataalamu walipolinganisha, wakakuta ni mhogo mmoja wenye majina mawili.

Mwaka 2016, watafiti wa California, wakiwemo wa taasisi ile ya Wizara ya Nishati, wakishirikiana na wenzao wa Afrika, walichapisha uchunguzi wa DNA ya mihogo mingi ya dunia. Wakaweza kuonyesha ni vipande gani hasa vya urithi wa mti wa mpira vimebaki ndani ya mihogo ya Afrika, alama za kazi ya Amani miaka 70 baadaye. Sasa mzalishaji wa mbegu anaweza kupima mche mchanga na kujua ana vipande anavyovitaka au hana. Zamani alilazimika kusubiri mwaka mzima achimbe ndipo ajue, kama nilivyosubiri mimi na mama.

Hapa kwetu kituo cha Mtwapa kimefanya kazi ya maana katika uwanja huu. Mihogo kama Tajirika, Karembo na Shibe imetoka huko. Majina mazuri, na nyuma ya kila jina kuna miaka ya watu kuchimba, kupima na kutupa. Anayelima mihogo na hajawahi kuuliza habari za vipando safi anajinyima mwenyewe.

Mbono kaburi wa ami yangu

Sasa nieleze kilichonifanya nione uchungu.

Mnamo mwaka 2008 habari ilienea Pwani nzima kwamba mbono kaburi ni dhahabu ya kijani. Mti huu tunaujua tangu utotoni. Wengine huuita mbono koma, kwa kuwa hupandwa makaburini na kwenye mipaka ya mashamba, na mbuzi hawaugusi. Mbegu zake zina mafuta. Walikuja watu na kompyuta zao na karatasi za rangi, wakasema Ulaya inataka mafuta hayo, hautaki maji, hautaki mbolea, unastawi hata kwenye mawe.

Ami yangu, Allah amrehemu, alikuwa na ekari tatu upande wa Kilifi. Alikata mikorosho yake ya zamani akapanda mbono. Aliahidiwa mnunuzi. Mwaka wa kwanza hakupata kitu, akaambiwa asubiri. Mwaka wa tatu alipata magunia mawili. Mbegu haziivi pamoja, hivyo alilipa vibarua kuchuma leo kidogo na kesho kidogo, na ujira ukazidi bei. Alipopiga simu ya mnunuzi, ilikuwa mteja hapatikani. Magunia yale yalikaa ghalani mpaka yakaliwa na wadudu. Mikorosho haikurudi.

Mwaka 2009, wakati wakulima wengi walikwisha panda, ndipo ilipotoka ripoti ya watafiti wa kilimo cha miti na nishati, kikiwemo kituo cha utafiti wa misitu cha hapa nchini, waliowatembelea wakulima wa mbono Kenya nzima. Walisema wazi: mti huu haumlipi mkulima mdogo, mavuno ni madogo, wadudu na magonjwa yanausumbua. Aina pekee ya upandaji waliyoipendekeza ni ua wa shamba. Yaani walirudi palepale walipokuwa wazee wetu: mbono ni wa mpaka na makaburi.

Sababu ni rahisi. Mbono ulikuwa bado mti wa porini. Hakuna aliyekuwa ameukalia miaka 20 kuchagua mbegu bora, kama Amani walivyoukalia mhogo. Kuweza kuishi kwenye ukame ni jambo moja, na kuzaa kwenye ukame ni jambo jingine.

Na hatari haikuishia kwa ami. Palikuwa na mpango wa mwekezaji kutaka hekta 50,000 za msitu wa Dakatcha, huko Magarini, zipandwe mbono. Ni msitu ambao jamii zinautegemea, na ni miongoni mwa makao machache sana duniani ya ndege aina ya kwera anayepatikana Kilifi peke yake. Wananchi na watetezi wa mazingira walipiga kelele, na mpango ule ukasimama. Tulinusurika. Lakini tulinusurika kwa kelele, wakati ilitakiwa tunusurike kwa elimu iliyopo mezani kabla ya mkataba.

"Wale matajiri, sisi je?"

Najua kuna msomaji atasema: Marekani ina pesa, sisi hata karo za shule zinatushinda. Hoja yake ina uzito, lakini haikamiliki.

Kwanza, hata huko pesa hizi zinapiganiwa. Mwaka 2017 serikali ya Rais Trump ilipendekeza kuikata bajeti ya idara hii kwa zaidi ya asilimia 40. Bunge lao likakataa na kuiongezea. Utafiti ulisalimika kwa sababu walikuwepo wabunge walioweza kueleza faida yake kwa watu wao. Nani katika wabunge wetu wa Pwani amewahi kusimama akatetea kituo cha Mtwapa kama anavyotetea barabara?

Pili, sisi tunayo sheria. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na inasema Hazina iupe kila mwaka kiasi cha asilimia 2 ya pato la taifa. Pato letu mwaka 2023 lilipita shilingi trilioni 15. Piga hesabu: asilimia 2 ni kama bilioni 300. Kinachofika kwenye mfuko ule hakikaribii hata kidogo kiasi hicho. Kwa hiyo mwenye kudai pesa za utafiti haombi hisani. Anadai kilichokwisha andikwa.

Tatu, wasiolipia utafiti hulipa vilevile, ila hulipa kwa njia nyingine. Ami yangu alilipa kwa mikorosho. Mama analipa kwa mihogo mitano katika saba. Jumlisha kila nyumba kutoka Vanga hadi Kiunga, uone kama gharama hiyo ni ndogo.

Jambo hili halijapita. Tangu mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia inanunua mbegu za mafuta kutoka kwa wakulima wa Kenya, mbarika ikiwemo, na shehena ya kwanza ya mafuta hayo iliondoka mwaka huo kupitia bandari yetu ya Mombasa kwenda Italia kutengenezewa mafuta ya magari na ndege. Simlaumu mtu, na huenda biashara hii ikawanufaisha wakulima. Ninachosema ni kwamba mti mpya ukija, maswali yawe tayari.

Maswali hayo ni machache. Mbegu hii imejaribiwa kwenye udongo wa Pwani, na kwa misimu mingapi? Aliyeijaribu ni nani, na alilipwa na nani? Matokeo yako wapi ili nami niyasome, kwa lugha ninayoielewa? Na mvua isiponyesha, hasara ni ya nani? Mwenye kukuletea mmea akishindwa kuyajibu, mwambie apande kwanza kwenye shamba lake.

Kilimo kwa katiba yetu ni kazi ya kaunti. Kila mwaka kaunti huita wananchi kutoa maoni juu ya bajeti, na wengi wetu hatuendi, au tukienda tunadai taa za barabarani na basari tu. Hayo ni haki yetu. Lakini mwaka huu nakuomba uende na swali moja zaidi: ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya vipando safi vya mihogo, na kwa ajili ya kazi ya kaunti yetu pamoja na Mtwapa, Chuo Kikuu cha Pwani au chuo chetu cha kiufundi cha Mombasa? Wakijibu sifuri, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba tuliuliza.

Baada ya Idi nilikwenda kutafuta vipando safi, nikampelekea mama vijiti 40. Alivitazama kwa mashaka, akaniuliza, "Na hivi vyako, nani amevijaribu?"

Nikafurahi moyoni. Nikamketisha, nikamweleza habari za Mtwapa, na Amani, na mashine za California. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua jembe, akapanda 20 na kuacha 20.

"Hivi vingine mpe jirani," akasema. "Vyake vikifa na vyangu vikipona, tutajua ni udongo. Vikifa vyote, tutajua ni wewe."

Tutachimba, inshallah, mwakani. Nitawaletea majibu.